Kisiwa ambako uziwi haukuwa ulemavu

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Nora Ellen Groce, aliyekuwa akisomea anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Brown, alikuwa akiwahoji wazee wa kisiwa cha Martha's Vineyard, pwani ya jimbo la Massachusetts nchini Marekani, juu ya watu waliowafahamu enzi za ujana wao. Mmoja wa wazee hao aliulizwa habari za wanaume wawili waliokwisha kufariki. Akawakumbuka papo hapo: walikuwa wavuvi hodari. Groce akamuuliza, je, si walikuwa viziwi wote wawili? Ilibidi mzee afikiri kidogo ndipo akakubali kwamba ndiyo, walikuwa viziwi.

Uzee haukuwa umemfutia kumbukumbu, maana uvuvi wao aliukumbuka vizuri. Uziwi wao ndio uliokuwa haujapata kuwa jambo la kushika kichwani. Linganisha na hali ya huku kwetu, ambako mtu anaweza kuishi mtaani miaka arobaini, akalima, akazaa, akazikwa, na nusu ya majirani wasijue jina lake kwa sababu siku zote aliitwa yule bubu wa kwa fulani.

Namna kisiwa hicho kilivyofika hapo ni historia ndefu. Mwaka 1694 alihamia huko seremala na mkulima aitwaye Jonathan Lambert, kiziwi wa kwanza anayejulikana katika kumbukumbu za kisiwa. Jaji Samuel Sewall wa Boston alipopita huko mwaka 1714 alimtaja katika shajara yake. Kati ya watoto saba wa Lambert, wawili walikuwa viziwi. Walowezi wengi wa upande ule asili yao ilikuwa Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, na inaaminika kwamba huko ndiko walikotoka na jeni ya uziwi. Jeni hiyo ni ya kujificha: mtoto huwa kiziwi pale tu anapoirithi kwa baba na kwa mama pia. Anayeirithi upande mmoja husikia vizuri, na huipitisha kwa wanawe bila kujua.

Kisiwa nacho ni kisiwa. Wageni walikuwa wachache, familia zikaoana, binamu akamwoa binamu, na baada ya vizazi kadhaa watoto viziwi wakawa wanazaliwa katika nyumba ambazo hakuna aliyewahi kuwa kiziwi. Katika karne ya 19, wakati Marekani nzima ilikadiriwa kuwa na kiziwi mmoja katika kila watu 5,728, Martha's Vineyard ilikuwa na mmoja katika kila 155. Katika mji wa Chilmark alikuwa mmoja katika kila 25. Na katika kitongoji cha Squibnocket, ndani ya Chilmark, alikuwa mmoja katika kila watu wanne.

Mahali ambapo mtu mmoja kati ya wanne ni kiziwi, huwezi kuuza samaki, kuposa, kuazima shoka wala kugombana na jirani bila kuijua lugha ya alama. Kwa hiyo kila mtu aliijua. Hakuna aliyewaitia semina. Mtoto mwenye masikio mazima alijifunza alama kama alivyojifunza Kiingereza, kwa kuziona zikitumika sebuleni na dukani kabla hajajua kwamba kuna watu duniani wasiozijua.

Na walizitumia hata pale ambapo hapakuwa na kiziwi hata mmoja. Wavuvi walizungumza kutoka mashua hadi mashua, umbali ambao sauti humezwa na upepo. Kanisani watu waliambiana mambo yao katikati ya mahubiri, na watoto darasani wakafanya hivyohivyo mwalimu akigeukia ubao. Jioni wanaume walikusanyika kwenye duka la Chilmark, ambalo pia lilikuwa posta, kwa masimulizi. Hadithi ikifika pale penye maneno mazito, na kuna mtoto au mgeni karibu, msimuliaji alifunga mdomo akaimalizia kwa mikono. Gazeti la Boston Sunday Herald lilipoandika habari za kisiwa hicho mwaka 1895, lilistaajabu jinsi mazungumzo yalivyohama kutoka mdomoni kwenda mikononi na kurudi bila wazungumzaji kuona kwamba wamefanya lolote la ajabu.

Matokeo yake ndiyo yanayonigusa zaidi. Viziwi wa Vineyard walioa na kuolewa kama wengine, na wengi wao walifunga ndoa na watu wanaosikia, jambo lililokuwa adimu huko bara. Walimiliki mashamba na mashua, walipiga kura, walishika nafasi za uongozi katika miji yao. Baadhi walitajirika na baadhi wakafa maskini, kwa uwiano uleule wa majirani zao. Groce alipowauliza wazee kuhusu walemavu wa kisiwani, walimtajia mtu aliyekosa mkono au mguu. Bibi mmoja aliyekuwa amepita miaka themanini alikataa katakata kuwaweka viziwi katika kundi hilo. Kwake, hao walikuwa viziwi tu.

Nakiri kwamba simulizi hii ina upande mmoja uliopungua. Katie West, kiziwi wa mwisho wa ukoo huo wa kisiwani, alifariki mwaka 1952, miaka ishirini na zaidi kabla ya Groce kufika. Karibu kila shahidi aliyehojiwa alikuwa mtu anayesikia, na wanaosikia wana kawaida ya kuamini kwamba wamewatendea viziwi vyema. Lakini daftari za ardhi, kodi, ndoa na kura hazitegemei kumbukumbu za mtu, na Groce alizipekua. Nazo zinakubaliana na wazee.

Wakati huohuo, upande wa bara, mambo yalikuwa yakienda kwingine. Mwaka 1817 Thomas Gallaudet, Mmarekani anayesikia, na Laurent Clerc, mwalimu kiziwi kutoka Paris, walifungua shule ya viziwi huko Hartford, jimbo la Connecticut. Kuanzia mwaka 1825 watoto wa Vineyard walikwenda kusoma huko kwa gharama ya serikali ya Massachusetts. Lugha yao ya kisiwani ikakutana na alama za Kifaransa za Clerc na za watoto wengine, na katika mchanganyiko huo ikazaliwa Lugha ya Alama ya Marekani. Baadhi yao walirudi nyumbani na elimu kubwa kuliko ya majirani wanaosikia, wakawa ndio wanaopelekewa barua na hati kuzisoma.

Kisha wakaja waliotaka kuwaponya. Alexander Graham Bell, yuleyule wa simu, alikuwa na mama kiziwi na mke kiziwi, na kazi yake ya awali ilikuwa kufundisha viziwi kutamka. Alifuatilia nasaba za familia za Vineyard bila kufumbua kitendawili chake, maana kanuni za urithi za Mendel zilikuwa hazijajulikana. Hilo halikumzuia kutoa mada mwaka 1883 akionya kwamba viziwi wakiendelea kuoana wao kwa wao, watazalisha aina mpya ya binadamu walio viziwi. Alitaka shule zao za bweni zivunjwe na lugha ya alama iachwe.

Miaka mitatu kabla ya hapo, mwezi Septemba 1880, walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, wakapiga kura kwamba njia ya kusema kwa mdomo ni bora kuliko alama. Kati ya wajumbe 164, kiziwi alikuwa mmoja tu. Kwa karibu karne nzima baada ya kura ile, watoto katika nchi nyingi walichapwa vidole na kufungwa mikono darasani kwa kosa la kuongea lugha iliyowafaa, huku wakilazimishwa kuiga sauti wasizozisikia. Mwaka 2010, huko Vancouver, kongamano hilohilo la kimataifa lilieleza majuto yake kwa kilichofanyika Milan.

Lugha ya Vineyard haikuuawa na Milan. Ilizimwa na ndoa. Wanakisiwa walianza kuoa watu wa bara, wageni wa mapumziko wakaongezeka, watoto viziwi wakapungua, na wazee wakabaki na alama chache vidoleni.

Ningependa wasomaji wafahamu kwamba fundisho lililo ndani ya kisa hiki halikusubiri kitabu cha Groce, kilichotoka mwaka 1985, ili lielezwe. Mmoja wa walioliweka wazi ni mwana wa Afrika. Vic Finkelstein alizaliwa Johannesburg, akavunjika shingo akiwa kijana na kuanza kutumia kiti cha magurudumu. Alifungwa kwa kupinga ubaguzi wa rangi, kisha mwaka 1968 akakimbilia Uingereza. Huko, pamoja na Paul Hunt na wenzao, alianzisha umoja wa watu wenye ulemavu ambao mwaka 1976 ulitamka kwamba jamii ndiyo inayowafanya watu kuwa walemavu, kwa kuwatenga na kuwafungia milango juu ya hali waliyo nayo mwilini. Mtu aliyeishi chini ya sheria za makaburu hakuhitaji kufundishwa kwamba kizuizi kinaweza kutengenezwa kwa sheria na kwa majengo, kisha kikasingiziwa mwili wa mtu.

Finkelstein alisimulia mfano wa kijiji walichokaa watumiaji wa viti vya magurudumu peke yao. Walijenga nyumba kwa kimo chao, dari chini, milango mifupi. Wenye miguu walipohamia wakawa wanajigonga vichwa, wakapewa kofia ngumu na madaktari wa kuwashughulikia, na ajira wakakosa. Ni kisa cha kutunga, lakini Vineyard ilikuwa kweli. Msimamo huo una mipaka yake, kwani maumivu ya mgongo hayaondoki kwa kujenga njia ya mteremko mlangoni, wala uchovu wa maradhi haumalizwi na majirani wema. Hata hivyo sehemu kubwa ya kinachomkwamisha mtu iko nje ya mwili wake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu unasema hivyo katika utangulizi wake: ulemavu hutokana na mtu mwenye upungufu kukutana na vikwazo vya mitazamo na mazingira. Tanzania iliuridhia mwaka 2009 na kutunga sheria yake mwaka 2010.

Shule za mwanzo za viziwi katika ukanda wetu, kama ile ya Tabora ya mwaka 1963, zilianza enzi ambazo kivuli cha Milan kilikuwa bado kimetanda, na watoto wetu wakasomeshwa kwa mdomo. Baadaye upepo ukageuka. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 iliahidi kuendeleza lugha ya alama, na mwaka uliofuata Alex Ndeezi, kiziwi, akaingia bungeni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ikaifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, sambamba na Kiswahili na Kiingereza. Tanzania tunayo Lugha ya Alama ya Tanzania, ina kamusi, na wenyewe wamo katika CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania.

Ila sheria haijafika kwenye benchi la kliniki. Mama kiziwi amekaa pale tangu asubuhi, kadi mkononi, macho yameganda mdomoni kwa muuguzi. Muuguzi anaita majina akiwa ameinamia daftari. Jina la mama linaitwa, hakuna anayenyanyuka, linaitwa la pili yake. Mchana benchi limebaki na mtu mmoja. Kilichomkosesha tiba mama huyo ni utaratibu wa kuita kwa sauti, na utaratibu huo ungebadilishwa kesho kwa kibao chenye namba.

Jibu letu la kawaida ni mkalimani, na kweli wakalimani ni wachache mno. Tuwaongeze hospitalini, mahakamani, bungeni na kwenye taarifa ya habari. Lakini mkalimani hatakuwepo kisimani, sokoni, kwenye daladala wala mezani wakati wa chakula cha jioni. Vineyard haikuwa na mkalimani hata mmoja. Ilikuwa na majirani.

Mtu atasema kijiji chetu hakina kiziwi mmoja kati ya wanne, kina mtoto mmoja tu. Ni kweli, na ndiyo maana kazi ianzie nyumbani kwa mtoto huyo. Viziwi walio wengi, zaidi ya tisa katika kila kumi, huzaliwa na wazazi wanaosikia, na mzazi ambaye hakufundishwa alama hubaki na ishara za njoo, kula, lala. Mtoto anafika shuleni akiwa na miaka saba au nane hana lugha yoyote. Hilo nalihesabu kuwa dhuluma kubwa kuliko uziwi wenyewe, kwa sababu linazuilika.

Halmashauri zinaweza kuwaajiri viziwi kuwafundisha wazazi na ndugu mara tu uziwi wa mtoto unapogundulika. Wizara ya Elimu inaweza kuweka vipindi vya lugha ya alama katika shule za msingi za kawaida, si zile za viziwi peke yake, ili anayesomea uuguzi, upolisi au ualimu afike chuoni akiwa na msingi. Nawe msomaji usisubiri wizara. Ikiwa mtaani kwenu kuna kiziwi, muombe akufundishe jina lake la alama, salamu na namba, na watoto wako waje wajifunze nawe.