Mto Huponywa Mlimani

Mtu aonapo kingo za mto zikiporomoka husema, "Mto huu umekuwa mkali." Lakini ukali huo mto huupokea mlimani. Na tuutazame mwanzo wake.

Nchi ya Ufipa imeinuka kati ya maziwa mawili: Tanganyika magharibi, na Rukwa mashariki. Mito ya upande wa mashariki huliteremka genge kubwa liitwalo Lyamba lya Mfipa, kisha huingia Rukwa. Ziwa hilo halina mto utokao. Basi udongo ukishafika huko haurudi tena shambani.

Mvua yetu hunyesha tangu Novemba hata Aprili. Ikianguka penye majani, nguvu yake huvunjika. Ardhi huyanywa maji, na kuyatoa polepole chemchemini wakati wa kiangazi. Lakini ikianguka penye mteremko uliochomwa moto, au uliokanyagwa mno na ng'ombe, maji hukimbia yote pamoja, huchimba makorongo, na kuikata sakafu ya mto. Sakafu ikizama, kingo hukosa egemeo na kuanguka. Huko bondeni maji yapunguzapo mwendo, mchanga hutua, na mto uliojaa huiacha njia yake ukaingia mashambani. Tena kijito kilichofurika Machi hukauka Septemba.

Wazee wa Ufipa walikuwa na ulimaji wao. Mvua zilipokaribia kwisha, walifukia majani ndani ya matuta ya mviringo, yaitwayo intumba, wakapanda maharagwe juu yake. Majani yakaoza yakawa mbolea, na baadaye matuta yakabomolewa, ukapandwa ulezi. Wamatengo wa Mbinga nao hulima ngoro, yaani mashimo yaliyozungukwa na matuta. Watu hao walitafuta rutuba, lakini kazi yao iliufaa na mto, kwa maana maji yaliyozuiliwa hayapati mbio.

Sasa tazameni Uluguru. Katika miaka ya 1950 serikali ya Kiingereza iliwalazimisha watu wachimbe ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, na mahali pengi udongo mwema ulifunikwa na udongo usiozaa. Mwaka 1955 kukatokea ghasia, na mpango ule ukaachwa. Mkulima hakukataa kuutunza udongo. Alikataa jasho lisilo na mavuno.

Basi fundisho ni hili: kazi ya kuulinda mto hudumu pale inapomlisha yule aifanyaye. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu katika meta 60 kutoka ukingoni. Ni sheria njema, lakini haitoshi ikiwa mlima uko uchi. Tulime kwa kukingama mteremko, tusichome majani, tupande miti na matete makorongoni yangali madogo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa mto hakuna kijiji kiwezacho kuujenga.