Nakivubo: Bonde la Vilima Vyote

Mkazi wa Kampala akielezea mji wake huanza na vilima. Mengo kwa Kabaka, Namirembe kwa Waprotestanti, Rubaga kwa Wakatoliki, Kibuli kwa Waislamu. Na kile kilima kilichoupa mji jina, ambako Kapteni Lugard alipiga kambi Desemba 1890 na kujenga ngome, leo kimebeba Msikiti Mkuu wa Taifa. Mimi naanzia chini, kwenye uwanja wa soka wa Nakivubo, kwa sababu huko ndiko watu wa vilima vyote walikokaa jukwaa moja.

Ardhi ya uwanja huo ilitengwa 1926, enzi za Kabaka Daudi Chwa, miaka miwili baada ya chama cha soka kuundwa mjini. Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyoupa hadhi yake. Vijana wa Uganda walioingia jeshi la Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza, walipelekwa Uhabeshi, kisha Burma, ambako mwaka 1944 Kikosi cha Nne cha Uganda kilikuwemo katika divisheni ya Afrika Mashariki iliyowasukuma Wajapani kwenye Bonde la Kabaw, ndani ya mvua, tope na malaria. Mganda, Mwacholi na Mteso walipokeana amri kwa Kiswahili. Wengi hawakurudi. Sheria ya mwaka 1953 ikaufanya Nakivubo kuwa Uwanja wa Kumbukumbu ya Vita, nao ukafunguliwa rasmi tarehe 1 Aprili 1954.

Tuitazame vizuri tarehe hiyo. Kabaka Mutesa II alikuwa ameshapelekwa uhamishoni Uingereza na Gavana Cohen tangu Novemba 1953, na hakurudi hadi Oktoba 1955. Serikali iliwaenzi waliokufa kwa ajili ya mfalme wa Uingereza huku mfalme wa Buganda akiwa amefukuzwa kwake. Sidhani kuna jengo lingine mjini lililofunguliwa likiwa na uchungu wa namna hiyo mlangoni.

Mpira ukachukua nafasi. Klabu ya Express ilizaliwa 1957. KCC ilianza 1963 miongoni mwa wafanyakazi wa baraza la jiji, kitengo cha majitaka, na mashabiki wake hawajawahi kuionea haya asili hiyo. Mwaka 1975 wakaja Nakivubo Boys, ambao sasa tunawaita SC Villa. Siku ya mechi kubwa uliingia ukipita kati ya wauza karanga zilizofungwa kwenye karatasi, na filimbi ya mwisho ikilia ulikuwa hatua chache tu kutoka soko la Owino na kituo cha teksi. Mvua ikinyesha, maji ya vilimani yalishuka huko huko, kwenye mfereji wa Nakivubo unaopita kando ya uwanja kuelekea ziwani.

Enzi za Amin hazikuukwepa mpira. Express ilifungiwa 1977 kwa tuhuma za kuipinga serikali. Mwaka uliofuata, katikati ya hofu hiyo, Uganda ilifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika kule Accra, ikalala 2–0 mbele ya Ghana. Phillip Omondi wa KCC alikuwa miongoni mwa wafungaji bora. Mwaka huo huo KCC ikawa klabu ya kwanza ya Uganda kutwaa kombe la Afrika Mashariki na Kati.

Desemba 1991 ndiyo niionayo kuwa kilele cha Nakivubo. Villa ilikuwa imebugizwa 6–2 na Club Africain mjini Tunis katika fainali ya klabu bingwa Afrika. Marudiano yalikuwa bondeni. Yaliisha 1–1, na hakuna klabu ya Uganda iliyofika tena fainali ya kombe hilo.

Mwaka 1997 ulifunguliwa uwanja wa Mandela, Namboole, uliojengwa kwa msaada wa China, na timu ya taifa ikahamia huko. Nakivubo ukabaki na klabu, mikutano na wachuuzi waliozidi kuukaba. Mwaka 2017 soko la Park Yard lililokuwa ubavuni mwake likabomolewa, ukafuata uwanja wenyewe, ili mfanyabiashara Hamis Kiggundu aujenge upya, maduka yakiuzunguka. Mashabiki walisubiri miaka saba. Ulipozinduliwa 2024, Villa, wale vijana wa Nakivubo, walitwaa ubingwa wa ligi mwaka huo huo, wa kwanza tangu 2004.