Vikaragosi Vilivyocheka Wakubwa: Birmingham, Paris, Nairobi

Kila Desemba tunapokutana kuikumbuka tarehe 9 ya mwaka 1961, wazee wetu husimulia bendera, Mwenge juu ya Kilimanjaro, na Mwalimu. Mwaka huu tumeona tuwape watoto hadithi ya uhuru wa namna nyingine, ule wa kuwacheka wakubwa. Nayo inaanzia mjini kwetu hapa.

Mkitoka Maktaba ya Birmingham, lile jengo refu la Alpha Tower mnalolipita lilijengwa kuwa makao ya televisheni ya ATV. Mwaka 1982 Central Television ikashika nafasi yake, na studio zake zikawa hapo hapo Broad Street. Central ndiyo iliyoleta Spitting Image, kipindi cha vikaragosi vya mpira kilichoanza Februari 1984. Waliofinyanga sura ni Peter Fluck na Roger Law. Mtayarishaji alikuwa John Lloyd, aliyeanzia redio ya BBC, akaja na Not the Nine O'Clock News, kisha Blackadder. Thatcher alivalishwa suti ya kiume na kuwakaripia mawaziri wake kama watoto wa shule. Hata familia ya kifalme haikupona.

Phil Collins wa kundi la Genesis alijiona humo, sura imeharibiwa kweli kweli. Badala ya kukimbilia wakili, akawaomba watu hao hao wamtengenezee video ya wimbo Land of Confusion. Lloyd aliiongoza pamoja na Jim Yukich mwaka 1986. Mle Rais Reagan anaamka kutoka jinamizi, amelowa jasho chapachapa. Anatafuta kitufe cha kumwita nesi, anabonyeza cha bomu la nyuklia. Ikapata tuzo ya Grammy. Kwetu sisi, hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote za vikaragosi vile, maana mnacheka huku mnaogopa.

Miaka hiyo nyumbani nani angethubutu? Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994 (wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, na hawaachi kutukumbusha). Kenya ya Moi, mzaha juu ya Rais ulikuwa wa kunong'onezana, mpaka vijana wa Redykyulass, waliotoka Chuo Kikuu cha Kenyatta, walipoanza kumwigiza hadharani mwishoni mwa miaka ya 1990.

Hapo ndipo anaingia mtoto wa Dar. Godfrey Mwampembwa, mnayemjua kama Gado, alizaliwa Dar es Salaam 1969, na tangu 1992 alichora katuni katika gazeti la Nation, Nairobi. Mwaka 2003 alikwenda Paris kuwaona watengenezaji wa Les Guignols de l'info, ndugu wa Kifaransa wa Spitting Image. Alirudi na wazo, akahangaika miaka kutafuta fedha na kituo cha kulipokea. The XYZ Show ilianza Citizen TV mwaka 2009, wakati Kenya bado inauguza vidonda vya uchaguzi wa 2007, uliofuatiwa na vifo vya zaidi ya watu 1,000. Kibaki na Raila, waliogawana serikali baada ya damu ile, wakawa vikaragosi vya mpira sebuleni kwa kila mtu.

Vile vya Uingereza navyo vilirudi Birmingham mwaka 2023, safari hii jukwaani, katika ukumbi wa The Rep, jirani kabisa na maktaba.