Maradhi ya Msafiri na Wajibu wa Kusema

Sharti linalomtaka msafiri ataje maradhi aliyonayo kabla ya kukata bima lina asili yake katika bima za baharini za Uingereza ya karne ya 18, wakati wafanyabiashara waliokutana katika mkahawa wa Lloyd jijini London walipokuwa wakigawana hatari za merikebu ambazo wengi wao hawakupata kuziona. Aliyezijua merikebu hizo, shehena yake na bahari iliyozingoja alikuwa mwenye mali, na mwenye bima hakuwa na njia ya kupanga ada isipokuwa kwa kumwamini. Kutokana na hali hiyo likajengeka fundisho la uaminifu wa hali ya juu, yaani kanuni kwamba katika mkataba wa bima haitoshi mtu kujiepusha na uongo, kwa kuwa anapaswa pia kutaja, hata bila kuulizwa, kila jambo lenye uzito katika kuipima hatari.

Kesi inayohesabiwa kuwa chimbuko la fundisho hilo, Carter dhidi ya Boehm, iliamuliwa mwaka 1766 na Jaji Mkuu Lord Mansfield. Carter alikuwa gavana wa ngome ya Fort Marlborough, mali ya Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki katika kisiwa cha Sumatra, naye alikuwa ameikatia bima ngome hiyo dhidi ya kutekwa na adui wa kigeni; Wafaransa walipoiteka mwaka 1760, Boehm alikataa kulipa kwa hoja kwamba udhaifu wa ngome ulikuwa umefichwa. Mansfield alilieleza fundisho lenyewe kwa ufasaha, kisha akampa ushindi Carter, kwa sababu mwenye bima aliyekuwa London aliweza kujua, au kuuliza, hali ya vita ilivyokuwa. Ni ajabu kwamba hukumu iliyomlinda aliyekata bima ilikuja kutajwa mara nyingi na makampuni yaliyotaka kumnyima mteja fidia.

Fundisho hilo liliingia katika mwili wa binadamu kupitia bima ya maisha. Katika kesi ya Lindenau dhidi ya Desborough ya mwaka 1828, bima ilikuwa imekatwa juu ya maisha ya mtawala wa Kijerumani, Duke wa Saxe-Gotha, ambaye alikuwa amepoteza uwezo wa kusema na akili yake ilikuwa imedhoofika, lakini madaktari wake walijibu maswali ya kampuni bila kuyataja hayo. Mahakama ilishikilia kwamba uzito wa jambo hauamuliwi kwa maoni ya anayekata bima, hata akiwa na nia safi, bali huachiwa baraza la wazee wa mahakama. Hapo ndipo mgonjwa alipotwikwa kazi isiyo yake, kwani mfanyabiashara wa baharini aliifahamu biashara ya bima karibu sawa na mwenye bima, ilhali mgonjwa wa kawaida hana namna ya kujua lipi katika historia ya afya yake lingeibadilisha ada. Mwaka 1908, katika kesi ya Joel, Jaji Fletcher Moulton alilipunguza kidogo zigo hilo kwa kueleza kwamba mtu hawezi kudaiwa kufichua asichokijua.

Bima ya safari, kwa upande wake, ilianza bila swali lolote la afya. Kampuni ya Railway Passengers Assurance, iliyoanzishwa London mwaka 1849, iliuza bima dirishani pamoja na tiketi ya treni: abiria wa daraja la kwanza alilipa peni 3 kwa fidia ya pauni 1,000, wa daraja la pili peni 2 kwa pauni 500, na wa daraja la tatu peni 1 kwa pauni 200. Kilichokatiwa bima kilikuwa ajali ya treni, na treni ikiacha reli haichagui mwenye pumu na mzima. Tena karani mwenye foleni mbele yake asingeweza kumhoji kila abiria habari za kifua chake.

Swali la maradhi lilipata nguvu pale bima ya safari ilipoanza kubeba gharama za matibabu. Kuanzia mwaka 1948 Mwingereza alitibiwa nchini kwake bila kulipa hospitalini, na usafiri wa ndege ulipokuwa wa watu wengi alijikuta katika nchi, Marekani hasa, ambako kulazwa siku chache kungeweza kumfilisi. Kampuni ya bima haikuwa tena inapima hatari ya chombo cha safari, ilikuwa inapima moyo, mapafu na sukari ya abiria. Fomu zikaanza kuuliza iwapo mtu amelazwa, amebadilishiwa dawa au anasubiri majibu ya kipimo, na mwenye shinikizo la damu asiyelitaja aliweza kukataliwa fidia ya kiharusi, maradhi ambayo yeye mwenyewe huenda hakuyahusisha na vidonge vyake vya kila asubuhi.

Sheria ya bima za baharini ya mwaka 1906 ilikuwa imekwisha kuliandika fundisho la zamani kwa maneno makali, ikimruhusu mwenye bima kuubatilisha mkataba wote, na mahakama zililitumia nje ya bahari pia. Tume za marekebisho ya sheria zililalamika kwa miongo kadhaa kabla Bunge halijapitisha sheria ya mwaka 2012, iliyoanza kutumika Aprili 2013, ambayo kwa mteja wa kawaida iliondoa wajibu wa kujitolea taarifa na kuweka wajibu wa kujibu kwa uangalifu yale anayoulizwa. Anayekosea kwa uzembe hapotezi kila kitu: ikiwa alilipa pauni 60 pale ambapo ukweli ungemgharimu 120, dai la pauni 10,000 laweza kulipwa 5,000, wakati anayedanganya kwa makusudi huweza kukosa vyote.

Afrika Mashariki ilirithi fundisho la zamani kupitia sheria za kikoloni, na Kenya ilitunga mwaka 1968 sheria yake ya bima za baharini iliyofuata kwa karibu ile ya 1906. Kwa wasafiri wengi wa Nairobi na Dar es Salaam, hata hivyo, bima ya safari imekuja kwa mlango wa ubalozi, kwa kuwa mwombaji wa viza ya Schengen hutakiwa kuonyesha bima isiyopungua yuro 30,000 kwa matibabu ya dharura na kurejeshwa nyumbani. Kanuni hiyo hutaja kiwango, nchi na muda wa bima. Masharti kuhusu maradhi ya zamani hubaki ndani ya hati yenyewe, ambayo mwombaji huiambatisha kwenye fomu zake, mara nyingi bila kuisoma, na kuikabidhi dirishani.