Kisanamu cha Kuitika "Labeka"

Ukiitwa na mzazi nyumbani, huitika mwenyewe au humsukuma mdogo wako? Basi ngoja nikupe kisa cha Firauni aliyetafuta wa kumwitikia.

Huyu ni Seti wa Kwanza, baba yake Ramses wa Pili. Alikufa yapata mwaka 1279 kabla ya kuzaliwa Nabii Issa (a.s.). Mwaka 1817 Mwitaliano Giovanni Belzoni alilifungua kaburi lake katika Bonde la Wafalme, ng'ambo ya Mto Nile ukitokea Luxor. Ndani yake mlikuwa na mamia ya visanamu viitwavyo ushabti. Kimoja kipo British Museum, London. Hakifiki urefu wa rula ya shule, rangi yake ni buluu, na maandishi meusi yamekizunguka mwili.

Kimetengenezwa kwa faiansi. Usidhani ni udongo wa mfinyanzi. Walisaga mchanga mweupe, wakauchanganya na chokaa na magadi, wakatia shaba kidogo ipate rangi, kisha wakachoma. Kikitoka motoni chang'aa kama kioo.

Sasa tazama mikono yake: imeshika majembe! Mfalme na jembe wapi na wapi? Wamisri wale waliamini kwamba ahera pia kuna mashamba ya kulima, mifereji ya maji na mchanga wa kubeba. Duniani kazi hizo walishurutishwa wanyonge, mfalme akiamrisha. Akaogopa kwamba huko naye ataitwa. Kwa hivyo maandishi yale yanakiagiza kisanamu: bwana wako akiitwa kazini, itika wewe.

Karne kadhaa baadaye wako matajiri waliozikwa na visanamu 401: wafanyakazi 365, mmoja kwa kila siku ya mwaka, na wanyapara 36 wa kuwasimamia. Hata ahera, wanyapara!

Zaidi ya miaka 3000 imepita, na majembe yale hayajagusa udongo.

Sisi twajua kila mtu atajibu kwa yake. Lakini tusiwacheke haraka. Mwezi huu, alasiri, wewe umejilaza wangoja adhana. Jikoni ni nani anayekuna nazi na kupika kaimati? Naye amefunga kama wewe. Basi leo akikuita, usimtume mtu. Inuka, uitike mwenyewe.

Ramadhan njema.