Kumbe Kenya na Uganda Waliwahi Kudai Mbingu? Stori ya Kikao cha Bogotá, 1976

Leo tuwaache mastaa wetu wapumzike na mahusiano yao, twende kwenye nyota zenyewe, zile za juu.

Chungulia paa la jirani. Kuna dishi, si ndiyo? Ushawahi kujiuliza kwa nini fundi akishalifunga linakodolea macho sehemu moja tu ya anga mwaka mzima? Ni kwa sababu setilaiti inayorusha picha iko kama kilomita 35,786 juu ya Ikweta. Kwa umbali ule inamaliza mzunguko mmoja kwa muda uleule dunia inaotumia kujizungusha mara moja, kwa hiyo ukiwa chini unaiona kama imesimama. Sasa njia hiyo ipo moja tu, hakuna ya pili. Ukirundika setilaiti karibukaribu, mawimbi yanaingiliana. Yaani ni kama viwanja vya ufukweni: kila mtu anavitaka na havitoshi.

Mwaka 1964 Marekani waliweka Syncom 3 kule juu, ikarusha picha za Olimpiki ya Tokyo hadi kwao. Watu wakashtuka, kumbe huku kuna hela! Utaratibu ukawa wa kuwahi: aliyetangulia ndo kapata. Na mwenye roketi na pesa ya kuwahi unamjua, hakuwa sisi.

Ndo tunafika Bogotá, Colombia. Kuanzia tarehe 29 Novemba hadi 3 Desemba 1976, wajumbe wa nchi zinazopitiwa na Ikweta walikaa kikao. Walikuwepo Colombia wenyewe, Ecuador, Brazil, Indonesia, Congo-Brazzaville, Zaire (DRC ya leo), na majirani zetu Kenya na Uganda. Bongo hatukuwemo, maana Ikweta inapita juu kidogo ya mpaka wetu, kule Ziwa Victoria upande wa Uganda.

Na mwaka huo Kenya na Uganda walikuwa hawapikiki chungu kimoja! Februari, Amin alidai kipande cha magharibi mwa Kenya ni cha Uganda. Julai, ndege za Israel zilizotoka kuvamia Entebbe zikatua Nairobi kujaza mafuta. Bifu la kufa mtu. Lakini Desemba wajumbe wao, watu ambao majina yao hayajawahi kutrendi popote, waliweka sahihi kwenye karatasi moja.

Walisema nini? Kwamba setilaiti inasimama pale kwa sababu ya mvuto wa dunia, kwa hiyo ile njia ni maliasili, na kipande kilicho juu ya nchi yao ni mali yao. Ukitaka kuweka mtambo wako, piga hodi kwanza. Vipande vilivyo juu ya bahari kuu wakasema ni vya wanadamu wote.

Wakubwa wakagoma. Wakashika mkataba wa 1967 unaosema hakuna nchi inayoweza kujimilikisha anga za juu. Tuseme ukweli, hapo walikuwa na hoja. Ila wale wa Bogotá nao waliuliza swali zuri: hizo anga za juu zinaanzia wapi? Mkataba haukusema. Na mimi naongeza langu: kama hakuna anayeruhusiwa kumiliki, mbona aliyewahi anakaa mpaka achoke?

Dai lao halikupita. Lakini kelele zao hazikwenda bure. Mwaka 1982 shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, lilikutana Nairobi na kuingiza kwenye mkataba wake kwamba mahitaji ya nchi zinazoendelea na jiografia ya baadhi ya nchi vizingatiwe. Mikutano ya 1985 na 1988 ikaja na mpango wa kuitengea kila nchi angalau nafasi moja kule juu. Kila nchi, hata Bongo ambayo haikwenda Bogotá.

Mimi niliishia fomu four. Ikweta nimechorewa ubaoni mpaka nikachoka, lakini hakuna aliyeniambia kuwa watu waliwahi kuigombania kwa heshima hivi.

Kwa nini nimeikumbusha leo? Kwa sababu siku hizi kila mkutano wa anga ni kujenga makazi Mwezini, kuchimba madini huko, kufanya biashara. Marekani tangu 2015 wana sheria inayowaruhusu raia na kampuni zao kumiliki watakachochimba kule. Ni habari ileile ya kuwahi kiwanja, na safari hii sijasikia kikao cha wanyonge.

Haya, wale wajumbe walikuwa na haki au walizidisha? Dondosha maoni yako hapo chini, bila matusi tafadhali.