Besi Inayosema: Urithi wa Sauti Nene Mwambao

Jukwaa likipangwa leo Bagamoyo, mpiga besi hupokewa kama anavyopokewa mwenzake popote duniani. Waya wa gitaa lake huingia kwenye kisanduku cha DI, kisha kwenye mikza, na fundi mitambo hupandisha ikwaliza upande wa chini mpaka spika zianze kunguruma. Kisanduku chenyewe hakina neno. Kasoro iko kwenye kule kunguruma, kwa sababu muziki wa mwambao kuanzia Dar es Salaam hadi Tanga haukulelewa hivyo. Tukifuata historia yake tutaona kwamba hapa sauti nene ilipewa kazi ya kusema: iulize, ijibu, inyamaze, irudi. Anayerekebisha besi bila kuijua kazi hiyo huizamisha, hata akiwa na mitambo ya bei mbaya.

Mgawanyo huo wa kazi ulikuwepo kwenye ngoma kabla ya gitaa. Chapuo ni ndogo na sauti yake ni kali. Vumi ni nene. Msondo ni ndefu na hutamba juu ya zote. Kabla ya kuanza kucheza, ngozi husogezwa motoni ikakazika, mpigaji akaijaribu kwa kiganja, akairudisha tena motoni mpaka kila ngoma ikae mahali pake pasipo kuifunika nyingine. Kusawazisha sauti ni hivyo hasa, ingawa hakuna umeme. Bendi za dansi hazikuiacha shule hiyo. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ilijulikana kwa mtindo wa msondo. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ikaja na Sikinde. Yote mawili ni majina ya ngoma, na Sikinde ni ya Wazaramo, wenyeji wa mwambao huu. Kwenye kidumbak ya Unguja, besi ni sanduku la mbao lenye fimbo na uzi mmoja, na mpigaji hubadilisha sauti kwa kuukaza na kuulegeza uzi. Huko Tanga, Black Star Musical Club waliingiza gitaa la besi kwenye taarab, wakaonyesha kwamba chombo kipya kinaweza kupewa kazi ya zamani.

Kisha redio ikaongeza sharti lake. Kwa miaka mingi, wimbo wa dansi uliwafikia watu kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), ambako kwa kawaida bendi nzima ilirekodi ikipiga kwa pamoja. Msikilizaji wa Bagamoyo au Pangani aliupokea kwa redio ndogo ya betri. Uzi mnene kuliko yote wa besi, ukipigwa wazi, hutoa masafa ya hezi 41 hivi, na spika ndogo kama ile haiwezi kuyatoa. Kinachopita ni masafa ya juu yanayozaliwa pamoja nayo, kuanzia 82, 123, 164 na kuendelea. Sikio likiyapata hayo, lenyewe hukamilisha noti ya chini iliyokosekana. Kwa hiyo besi iliyotegemea mngurumo peke yake ilipotea njiani, na ile yenye masafa ya kati yaliyo wazi ikafika nyumbani.

Watakuwepo watakaosema kwamba huo ulikuwa umaskini wa vifaa tu. Ni kweli vifaa vilikuwa haba, na katika miaka ya 1980 fedha za kigeni za kuagizia vyombo zilikuwa shida kubwa. Lakini uhaba wa vifaa unaweza kueleza kina kilichopungua. Hauelezi kwa nini mpigaji alichagua vifungu vifupi vyenye mapumziko. Sikiliza "Sina Makosa" ya Les Wanyika, iliyorekodiwa Nairobi, mbali na studio ya RTD: besi ya Tom Malanga inauingiza wimbo na kuushika, na nafasi anazoziacha zina uzito sawa na noti anazozipiga. Wengine watasema mtindo huo umetoka kwenye rumba ya Cuba na Kongo. Deni hilo lipo, wala halina aibu. Hata hivyo, mgeni hupokewa na nyumba yenye desturi zake, na masikio yaliyoipokea rumba yalikwisha kufunzwa na msondo.

Hoja hii haivipingi vifaa vipya. Kisanduku cha DI huiwezesha sauti dhaifu ya gitaa kusafiri kwenye waya mrefu bila kupoteza makali yake wala kuokota mvumo wa umeme, na wahandisi wa Motown kule Detroit waliitumia njia hiyo katika miaka ya 1960 kupata besi inayosikika neno kwa neno. Kinachotakiwa ni ikwaliza ifuate kazi ya besi. Fundi apunguze uzito karibu na hezi 200 hadi 300, ambako gitaa na ngoma hubanana. Ainue kidogo hezi 700 hadi 1,000, ambako vidole husikika. Na kule chini kabisa aiachie dramu kubwa nafasi yake. TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ina walimu wa ngoma na wanafunzi wa muziki katika eneo moja. Mwanafunzi wa mitambo na afundishwe kwanza kusikia msondo na vumi zikipishana, ndipo apewe vitufe. Akifika kwenye mikza atakuwa anajua anachokitafuta.